Pangani na Washindani Wake

Richard Burton na John Speke walipofika Pangani mwanzoni mwa mwaka 1857, walikuta mji mdogo ulioketi ukingo wa kaskazini wa mto, ukitazamana na Bweni ng'ambo ya pili. Majengo yalikuwa machache, shughuli hazikuwa chache. Pembe za ndovu zilizokusanywa nchi ya Wamasai na pande za Kilimanjaro zilishukia hapa kusubiri majahazi ya Unguja, na katika miongo iliyofuata mashamba ya miwa yakaenea kando ya mto. Biashara hizo ziliwakutanisha watu ambao vinginevyo wasingejuana: majumbe waliojiita Washirazi, Waarabu wa Oman wenye mashamba, Wahindi wenye mitaji, askari wa Kibaluchi wa Sultani, Wazigua, Wabondei, wapagazi wa safari za bara, na watumwa wengi walioletwa kukata miwa.

Kila kundi lilikuja na silaha yake na namna yake ya kuishika. Mwarabu alikuwa na upanga, na jambia kiunoni. Mzigua alishuka mjini na gobori lake. Muungwana wa mji hakutoka nyumbani bila bakora. Mchanganyiko wa namna hiyo ungetosha kuuwasha mji moto kila mwezi, na ugomvi haukukosekana. Lakini Pangani, kama miji mingine ya Mrima, yaani pwani ya bara, ilikuwa na njia nyingi za watu kupambana bila kuuana, na wenyeji walizitumia bila kuchoka.

Mtaa ulishindana na mtaa, na chama cha ngoma kikashindana na chama cha ngoma. Jumbe aliyetaka cheo alilazimika kulisha watu: alichinja ng'ombe, akatoa ada kwa waliomtangulia, akafungua ngoma za siku kadhaa. Aliyealikwa akala, aliondoka na deni la kurudisha karamu iliyo kubwa zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, ametuachia maelezo marefu ya ada hizi katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Miaka mingi baadaye Mmarekani Jonathon Glassman aliandika kitabu kizima, Feasts and Riot (1995), ambacho sehemu yake kubwa ni Pangani ya miaka ya 1856 hadi 1888. Hoja yake ni kwamba karamu na ngoma hizo ndizo zilizokuwa siasa yenyewe. Mtumwa, mgeni kutoka bara, kijana asiye na ukoo wa kutajika, wote walitafuta nafasi humo, maana uwanja wa mashindano ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu wa chini aliweza kutia fora mbele ya wakubwa, nao wakalazimika kutazama.

Humo ndimo sanaa ya kupigana ilimokuwa na chuo chake pwani.

Mchezo unaojulikana zaidi ni kirumbizi, ngoma ya fimbo ya Waswahili, ambayo Lamu huchezwa hadi leo katika Maulidi na katika harusi. Zumari inalia, ngoma zinaitika, watu wanafanya duara. Wawili wanaingia, kila mmoja na fimbo yake. Hawakurupuki kupigana. Wanazungukana kwanza kwa hatua za ngoma, fimbo zikigusana kidogo, kila mmoja akiangalia bega la mwenzake kuliko mkono, kwa sababu bega ndilo linalotangulia kusema pigo litatokea wapi. Kisha mmoja anapiga, mwingine anakinga, anageuza, anarudisha. Mlio wa mti juu ya mti ni mkavu, na mtazamaji mzoefu hujua kwa sikio tu kama pigo limekingwa sawasawa au limeteleza likamfikia mtu vidoleni. Mmoja akichoka, au damu ikianza kuchemka, mwingine huingia kupokea zamu, na duara haliachwi tupu.

Fimbo yenyewe ilikuwa na habari zake. Bakora nzuri ya pwani ilikuwa ya mtobwe, mti mweupe, ikinyooshwa na kusuguliwa mpaka inateleza mkononi. Kulikuwa na henzirani, nyepesi na yenye kunesa, na mpweke, mfupi na mnene, ambao mtu mwenye akili hakutaka umpate kwenye kifundo cha mkono. Aliyetembea na bakora barabarani alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ni muungwana. Ndani ya duara la fimbo cheo hicho hakikumkinga mtu. Pigo lilikuja kwa kadiri ya wepesi wa aliyelipiga, na watu waliona kwa macho yao.

Waarabu nao walikuwa na razha yao, ngoma ya panga. Wanaume husimama safu mbili zikielekeana, wengine wakitoka kati na panga nyembamba ambazo huzitikisa kwa kifundo cha mkono mpaka bapa linatetema, halafu huzirusha hewani na kuzidaka kwa mpini. Anayekosa kudaka huaibika, na anayedaka kwa upande wa makali huumia. Oman mchezo huu bado upo, na katika sherehe za taifa huchezwa na watu wa rika zote.

Faida ya mashindano haya kwa aliyekuwa anajifunza ni rahisi kuitaja na ni rahisi kuikosea. Wengi husema mashindano humpa mtu ujasiri. Huenda, ingawa ujasiri huo wapo walioupata bila kuingia uwanjani hata siku moja. Jambo lenye uzito zaidi ni yule mshindani mwenyewe. Mtoto aliyefundishwa fimbo na baba yake au mjomba wake uani alipigana na mkono uliomjua. Mjomba hujua mahali ambapo kijana hukawia kukinga, na kwa mapenzi au kwa mazoea huacha kupiga hapo. Kijana anakua akidhani anajua kukinga. Mtu wa mtaa wa pili hana mapenzi hayo. Hamjui, hamchukii, na hana sababu ya kumhurumia isipokuwa ile iliyowekwa na kanuni za mchezo. Pigo la kwanza kutoka kwa mtu kama huyo hufundisha yale ambayo mjomba hakuweza kuyafundisha.

Halafu kuna ngoma. Mtu asiyezoea anaweza kudhani zumari ni pambo tu. Kumbe ndiyo inayoshika hatamu za mchezo: mwenye hasira hupoteza mdundo, na akipoteza mdundo kila mtu anamwona kabla hajamwumiza mtu. Michezo ya kupigana ya siku hizi humtegemea mwamuzi mwenye filimbi au kengele. Ile ya zamani ilikuwa na waamuzi kadiri ya watu waliosimama duarani, na wengine walikuwa wapiga ngoma wenye uwezo wa kupunguza mwendo wakiona mambo yanakwenda vibaya.

Pangani haikuwa peke yake. Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume wa pande mbili za mji hukutana kila mwaka siku ya Mwaka Kogwa na kuchapana kwa mashina ya migomba, kila mmoja akimtolea mwenzake ya moyoni ya mwaka mzima, huku wanawake wakiimba. Mayotte na visiwa vya Ngazija kuna mrengé, ngumi za mikono mitupu zinazochezwa kwa ngoma, na Mayotte msimu wake mkubwa ni usiku wa Ramadhani, baada ya watu kufuturu. Bukini (Madagaska) mchezo huo huitwa moraingy, na uliwafuata watu waliopelekwa Réunion kwenye mashamba ya miwa. Ukiitazama ramani, ni bahari ile ile na pepo zile zile, na karibu kila bandari ina duara la watu, ngoma, na vijana wawili katikati.

Duara hilo lina udhaifu mmoja: linategemea watu kukubaliana kwamba wanacheza. Agosti 1888 Pangani ilipata wageni ambao hawakukubaliana na lolote.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imepewa na Sultan Khalifa bin Said mkataba wa kuendesha pwani kwa jina lake. Mjumbe wa kampuni hiyo Pangani alikuwa Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi kuliko busara, na alitaka bendera ya kampuni ipandishwe bila majadiliano. Siku zenyewe zilikuwa za Idi ya kuchinja. Mji ulikuwa umefurika: watu wa mashamba, watu wa vijiji vya juu ya mto, Wazigua, wapagazi, wote wameingia kwa ajili ya sala, nyama na ngoma, na wengi wakiwa na silaha kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Askari wa manowari ya Kijerumani walishushwa ufukweni, wakamsaka liwali wa Sultani, na msikiti ukaingiliwa. Wiki chache baadaye Zelewski alikuwa amezuiliwa ndani ya nyumba, na ilibidi Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani, atoke Unguja kumtoa akiwa hai. (Huyu ndiye Zelewski ambaye Wahehe walimwua Lugalo mwezi Agosti 1891. Kuna watu ambao hawajifunzi hata wakipigwa.)

Glassman anaona uhusiano wa moja kwa moja kati ya umati ule na mashindano ya mji. Waliokusanyika hawakuwa jeshi, walikuwa watu waliozoea kukutana kwa vyama na mitaa, kujipanga nyuma ya viongozi wao, kujigamba, na kudai heshima mbele ya macho ya watu. Desturi hiyo ya sikukuu ikageuka kuwa uasi. Hata majumbe walishindwa kuushika umati wao wenyewe, na uongozi ukamwangukia Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, ambaye kwa Sultani alikuwa mtu wa kutiliwa shaka siku nyingi. Abushiri alimkamata hata Hans Meyer, aliyekuja kuwa Mzungu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, pamoja na mwenzake Oscar Baumann, akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Julai 1889 Hermann von Wissmann aliutwaa mji kwa mizinga na kwa askari aliowaajiri Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Baada ya hapo upanga na gobori havikuwa tena vya mtu yeyote kubeba sikukuu. Serikali mpya ilikuwa na askari wake, na askari hao walikuwa na kitu ambacho vijana wa pwani walikitazama kwa macho makali: gwaride.

Miaka michache tu ikapita, gwaride likawa ngoma. Ngoma hiyo, beni, ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890 na ikashika Tanga kwa haraka, mji uliokuwa na shule ya serikali yenye bendi ya matarumbeta. Terence Ranger, aliyeifuatilia beni katika kitabu chake cha mwaka 1975, anasimulia jinsi ilivyogawanyika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu watu wa mji, wenye elimu na kazi za ofisini. Arinoti walikuwa na watu wengi wa kuja, waliodharauliwa, na ambao hawakukubali kudharauliwa. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari wake, sare zake na hazina yake. Waliandamana kwa hatua za askari, wakaimbiana, wakaalikana kwenye karamu, na ile hesabu ya zamani ya Mrima ikarudi kama ilivyokuwa: aliyekula kwa mwenzake sharti alishe zaidi.

Mtu anaweza kucheka akiona makarani na wapishi wamevaa nyota za ujenerali. Wazungu walicheka. Lakini vyama hivyo viliwafundisha vijana kusimama mstari, kutii amri ya mtu waliyemchagua wenyewe, kutunza fedha za pamoja na kushindwa hadharani bila kukimbia. Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo kwa Tanga ilianza na mapigano ya Novemba 1914, iliwatawanya askari na wapagazi nchi nzima, na beni ikaenda nao. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza walishtuka kuona ngoma yenye mtandao kutoka mji hadi mji na kufanya uchunguzi, wakihofia njama. Hawakukuta njama. Walichokuta ni watu wenye mazoea ya kuandaa mambo yao, na pengine hilo ndilo lilipaswa kuwashtua zaidi.

Beni ilipofifia, kushindana hakukufifia. Tanga ilihamishia mashindano mpirani, na watani wa jadi wakawa Coastal Union na African Sports. Taarabu nayo ikawa na kambi zake, Black Star na Lucky Star. Ila sanaa ya kupigana, kama jambo la mwili kwa mwili, ilichukua njia mbili mpya kutoka nje: ngumi za ulingoni na karate.

Karate ilikuja Tanzania ikiwa na mjadala wake mkononi. Gichin Funakoshi, Mwokinawa aliyeieneza Japani, hakupenda mashindano. Aliona kwamba mtu akianza kutafuta pointi, huacha kujitafuta mwenyewe. Alifariki Aprili 1957, na mwaka huo huo chama cha wanafunzi wake kilifanya michuano ya kwanza ya Japani nzima. Mapema miaka ya 1970 Sensei Nantambu Camara Bomani, aliyetoka Marekani, alianzisha dojo ya Goju-ryu katika Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, na wengi wa waliopita hapo walilelewa katika mtazamo ule wa zamani: kata (miondoko iliyopangwa) kwanza, mafunzo ya miaka, medali baadaye kama zipo.

Hoja ya Funakoshi si ya kupuuzwa. Michuano ya pointi ina tabia ya kuwafanya wanafunzi wajifunze kanuni badala ya sanaa: wanajua namna ya kugusa na kuruka nyuma kabla mwamuzi hajapunga mkono, na hawajui la kufanya mtu asiporuka nyuma. Hata hivyo mwanafunzi ambaye kwa miaka kumi amepigana na wenzake wa dojo moja tu yuko pale pale alipokuwa yule kijana wa fimbo na mjomba wake. Wamezoeana. Kila mmoja anajua teke analolipenda mwenzake, na wote huinuka pamoja au hubaki nyuma pamoja bila kujua. Wazee wa Mrima walilitatua jambo hili bila vitabu: mafunzo yalifanyika nyumbani, kwa subira, na sikukuu ikifika mlango ulifunguliwa kwa watu wa mtaa wa pili. Na baada ya fimbo kulikuwa na pilau. Michuano ya leo imeitupa sehemu hiyo ya pili, wageni hupanda basi na vikombe vyao kabla jasho halijakauka, na hapo pana hasara.

Kwa ngumi mfano ulio wazi zaidi umetoka Tanga yenyewe. Tarehe 8 Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga ambaye Uingereza hakuna aliyemjua, alipanda ulingoni Birmingham kama mbadala aliyeitwa kwa kuchelewa, kupigana na Sam Eggington, mwenyeji wa hapo hapo, katika usiku ambao nyota wake alikuwa Amir Khan. Waandaaji walitarajia Eggington apate pambano jepesi. Raundi ya pili mwamuzi alisimamisha pambano, na mshindi alikuwa Mtanzania. Mazoezi ya Tanga yalikuwa yale yale wiki moja kabla. Lililobadilika ni kwamba alipata mtu wa nje wa kumpima, na watu wa nje wakapata nafasi ya kumwona. Titus Simba alikuwa amepita njia hiyo hiyo mwaka 1970, aliporudi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, na medali ya fedha, na Michael Yombayomba akarudi na dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998.

Ng'ambo ya bahari hali ilikuwa nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilipiga marufuku ngumi, na marufuku hiyo ikadumu karibu miongo sita. Kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka kujipima sharti avuke kuja bara. Ni ajabu kidogo kwa visiwa ambavyo kila mwaka vinawatazama wanaume wa Makunduchi wakichapana migomba kwa furaha ya wote, lakini siasa za ngumi na siasa za mila hazikuwahi kukaa meza moja. Marufuku iliondolewa chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, na Agosti 2023 mapambano yakarudi hadharani. Januari 2024 Mwakinyo alivuka kutoka bara, akapambana na Mbiya Kanku wa Kongo mbele ya mashabiki wa Unguja, akamshinda.